Kupima Dhiki ya Fedha katika Kaya: Mfano wa Kaunti za California

Jimbo la California, lililo kwenye pwani ya magharibi ya Marekani, limegawanywa katika kaunti 58. Kaunti ni sehemu ya utawala iliyo chini ya jimbo. Msomaji wa Kenya atalitambua neno hilo mara moja kutokana na kaunti 47 zilizowekwa na Katiba ya mwaka 2010, ingawa kaunti za Marekani ni za zamani zaidi na mamlaka yake ni ya namna nyingine. Kaunti hizo 58 hazilingani hata kidogo. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 10,014,009 katika Kaunti ya Los Angeles. Katika Kaunti ya Alpine, iliyo juu milimani mpakani mwa Nevada, ilihesabu watu 1,204 tu, idadi ambayo shule moja kubwa ya sekondari yaweza kuifikia. San Francisco ni mji wa mabenki na wahandisi wa kompyuta, ambako kodi ya nyumba humeza mshahara. Tulare na Fresno, katika Bonde la Kati, ni nchi ya mizabibu, michungwa na ng'ombe wa maziwa, ambako kazi nyingi huja na msimu na kuondoka na msimu.

Swali laonekana jepesi: katika kaunti hizo, ni zipi ambazo kaya zake zimebanwa zaidi na dhiki ya fedha? Swali hilo huulizwa kila mwaka, wala si kwa udadisi tu. Fedha ambazo serikali ya shirikisho huzitoa kwa ajili ya shule zenye watoto maskini hugawanywa kwa kufuata makadirio ya umaskini ya kila wilaya ya shule na kila kaunti. Haki ya kutibiwa kwa bima ya serikali nayo hutegemea kipato cha kaya kikilinganishwa na mstari uliowekwa. Kipimo kikipotoka, fedha hufika pasipo haja kubwa na kukosekana palipo na haja.

Hata hivyo majibu yanayotolewa na wachunguzi waangalifu hupingana. Kwa kipimo kimoja, kaunti za Bonde la Kati ndizo huongoza kwa umaskini na Los Angeles huwa na nafuu. Kwa kipimo kingine, Los Angeles yenyewe imepata kushika nafasi ya kwanza. Hakuna aliyedanganya katika hao. Tofauti imo katika rula waliyoitumia, na kwa hiyo yapasa kuitazama rula kabla ya kuutazama ubao unaopimwa.

Mstari uliotokana na chakula

Kipimo rasmi cha umaskini cha Marekani kilitokana na kazi ya Mollie Orshansky, mtakwimu na mchumi wa idara ya hifadhi ya jamii, aliyekuwa binti wa wahamiaji kutoka Ukraine. Katika makala yake mawili, moja la Julai 1963 na jingine la Januari 1965, Orshansky alifuata njia iliyo rahisi kuieleza darasani. Wizara ya Kilimo ilikuwa imekwisha kupanga orodha za vyakula vya familia kwa gharama mbalimbali. Yeye aliichukua iliyo ya bei ya chini kabisa, ambayo ilikusudiwa kutumika kwa muda tu wakati familia imeishiwa fedha. Kisha alitazama uchunguzi wa mwaka 1955 ulioonyesha kwamba familia za watu watatu au zaidi zilitumia kwa chakula takriban theluthi moja ya fedha zilizobaki baada ya kulipa kodi ya mapato. Ikiwa chakula ni theluthi, basi gharama ya chakula ikizidishwa kwa 3 yatoa kiasi cha chini ambacho familia yahitaji. Kwa familia ya watu wanne mwaka 1963, hesabu hiyo ilitoa takriban dola 3,100 kwa mwaka.

Orshansky mwenyewe hakudai kwamba fedha hizo zatosha. Alichokusudia ni kuonyesha kiasi ambacho kwa wastani ni kichache mno, na hayo ni madai ya kiasi kuliko yale ambayo serikali iliyabandika baadaye juu ya tarakimu zake. Mwaka 1965 ofisi iliyoendesha vita dhidi ya umaskini ilianza kuutumia mstari huo. Mwaka 1969 ukawa rasmi. Tangu hapo umekuwa ukipandishwa kila mwaka kwa kufuata kupanda kwa bei tu, bila ya kuubadili msingi wake.

Hapo ndipo penye tatizo la kwanza. Maisha yamebadilika lakini kizidishi hakikubadilika. Uchunguzi wa matumizi ya wananchi wa Marekani wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba chakula kilichukua asilimia 12.9 tu ya matumizi ya kaya, ilhali nyumba, pamoja na umeme, maji na vyombo vyake, ilichukua asilimia 32.9. Mtu ambaye angeifuata leo mantiki ya mwaka 1955 angezidisha gharama ya chakula kwa karibu 8, si kwa 3. Mzigo mkubwa wa kaya umehama kutoka jikoni hadi kwenye paa.

Rula moja kwa nchi nzima

Kuhama kwa mzigo huo kusingekuwa na athari kubwa katika kulinganisha kaunti kama mzigo wenyewe ungekuwa sawa kila mahali. Bei ya mchele haitofautiani sana kati ya Fresno na San Francisco, kwa kuwa mchele hupakiwa katika gari na kusafirishwa. Nyumba haisafirishwi. Ardhi ya San Francisco imezungukwa na bahari pande tatu, nayo hainunuliki kwa bei ya ardhi ya Tulare. Basi kitu kile ambacho bei yake hutofautiana zaidi baina ya kaunti ndicho ambacho mstari rasmi haukitazami.

Kwa ajili ya kugawa misaada, Wizara ya Afya na Huduma za Jamii hutoa kila mwaka toleo lililorahisishwa la mstari huo. Mwaka 2024, kiasi kilichowekwa kwa kaya ya watu wanne kilikuwa dola 31,200 kwa mwaka. Kiasi hicho ni kimoja kwa majimbo 48 yaliyoungana. Ni Alaska na Hawaii tu zilizowekewa viwango vyao.

Na zichukuliwe kaya mbili, kila moja ikiwa na watu wanne na kipato cha dola 40,000 kwa mwaka. Kwa ajili ya zoezi hili, kaya ya kwanza iwe inaishi katika Bonde la Kati na kulipa kodi ya nyumba ya dola 1,200 kwa mwezi, yaani dola 14,400 kwa mwaka. Ya pili iwe inaishi San Francisco na kulipa dola 2,800 kwa mwezi, yaani dola 33,600 kwa mwaka. Baada ya kodi ya nyumba, kaya ya kwanza hubakiwa na dola 25,600 na ya pili hubakiwa na dola 6,400. Wakigawiwa watu wanne kwa siku 365, kila mtu wa kaya ya kwanza atapata takriban dola 17.50 kwa siku, na kila mtu wa kaya ya pili atapata takriban dola 4.40, za kula, kuvaa, kusafiri na kujitibu. Kwa mstari rasmi, kaya hizo mbili ni sawasawa: zote zimepita dola 31,200, zote si maskini.

Jambo hili huonekana wazi zaidi katika Medi-Cal, bima ya afya ya serikali kwa wakazi wa California wenye kipato kidogo. Kwa watu wazima wengi, kikomo chake ni asilimia 138 ya kiwango cha shirikisho. Kwa kaya ya watu wanne mwaka 2024, hicho ni dola 43,056. Mfanyakazi wa Tulare mwenye kipato cha dola 43,000 yumo ndani ya kikomo. Mwenzake wa San Francisco mwenye dola 44,000 yuko nje, naye huelekezwa kwenye bima za ruzuku zenye masharti mengine, ingawa akisha kulipa kodi ya nyumba hubakiwa na fedha chache kuliko yule wa Tulare. Sheria imewapima wote wawili kwa haki, lakini kwa rula isiyoona nyumba.

Kuirekebisha rula

Kamati ya wataalamu iliyoitwa na Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani ilitoa mwaka 1995 mapendekezo ya kipimo kipya. Ilichukua miaka 16 mpaka Ofisi ya Sensa ilipokitangaza kipimo cha nyongeza, mwaka 2011, na hata hapo kile cha zamani hakikuondolewa. Mwenye kustaajabu ucheleweshaji huo na akumbuke kwamba kila mstari mpya huongeza au hupunguza watu wanaostahili msaada, na serikali nyingi hupendelea rula iliyokwisha zoeleka.

Kipimo kipya hutofautiana na cha zamani kwa mambo mawili yanayohusu somo hili. Kwanza, mstari wenyewe hutengenezwa kutokana na matumizi ya chakula, mavazi, nyumba na huduma zake, kisha sehemu ya nyumba hurekebishwa kwa kufuata kodi za mahali. Hesabu yake ni ya darasani kabisa. Mstari wa taifa na uitwe M. Sehemu ya mstari huo inayokwenda kwenye nyumba na iitwe a. Na uwiano wa kodi ya kaunti kwa kodi ya wastani ya taifa na uitwe r. Mstari wa kaunti ni:

M × (a × r + 1 − a)

Ikiwa M ni dola 32,000 na a ni 0.5, kaunti ambayo kodi yake ni 0.8 ya wastani wa taifa itapata mstari wa 32,000 × (0.4 + 0.5), yaani dola 28,800. Kaunti ambayo kodi yake ni mara mbili ya wastani itapata 32,000 × (1 + 0.5), yaani dola 48,000. Kaya zile mbili za dola 40,000 sasa zatengana: moja iko juu ya mstari wa kaunti yake, ya pili iko chini. Mwalimu aonyeshe kwamba chakula na mavazi havikurekebishwa. Vimo ndani ya 1 − a, na vimeachwa vilivyo.

Pili, kipimo kipya huhesabu vitu ambavyo cha zamani hakivioni. Kipimo rasmi hutazama fedha taslimu tu kabla ya kodi ya mapato. Kaya ikipewa kadi ya kununulia chakula, au ikirudishiwa fedha kwa njia ya nafuu ya kodi, kipimo rasmi hunyamaza kana kwamba hakuna kilichotokea. Kipimo cha nyongeza huongeza misaada hiyo, kisha huondoa kodi ya mapato, gharama za kwenda kazini na fedha za matibabu zilizotoka mfukoni. Athari yake ilionekana baada ya mwaka 2021, ambapo serikali iliongeza kwa muda nafuu ya kodi kwa wazazi kwa sababu ya maradhi ya Uviko. Kwa kipimo cha nyongeza, umaskini wa watoto Marekani ulikuwa asilimia 5.2 mwaka 2021. Nafuu hiyo ilipokoma, ukapanda hadi asilimia 12.4 mwaka 2022. Kipimo rasmi kilionyesha karibu asilimia 15 katika miaka yote miwili. Mamilioni ya watoto walitolewa katika umaskini na kurudishwa humo, na kipimo kilicho rasmi hakikutikisika.

California ilijitengenezea kipimo chake cha namna hii, kilichotangazwa mwaka 2013 na taasisi ya utafiti wa sera ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Stanford. Kwa takwimu za mwaka 2011, kilionyesha kwamba takriban asilimia 22 ya wakazi wa jimbo walikuwa katika umaskini, na kwamba katika kaunti, Los Angeles iliongoza kwa takriban asilimia 27. Kaunti za Bonde la Kati, ambazo katika hesabu rasmi hukaa mara kwa mara kileleni, zilisogea chini: kodi zao ni nafuu, na misaada ya chakula hufika kwa kaya nyingi. Ramani ile ile, watu wale wale, mwaka ule ule. Rangi zake zimebadilishana.

Katika Tanzania tatizo la kuhesabu visivyo fedha lilikabiliwa kwa njia nyingine. Utafiti wa bajeti za kaya wa mwaka 2017/18, uliotoa mstari wa mahitaji ya msingi wa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, ulipima matumizi badala ya kipato, hata mahindi yaliyotoka shambani mwa kaya yenyewe yakatiwa bei. Mchunguzi ambaye angewauliza wakulima mishahara yao angepata majibu machache na ya upotofu mwingi.

Umaskini na dhiki si kitu kimoja

Mpaka hapa maneno umaskini na dhiki yametumika kama ndugu. Hapana budi sasa kuyatenga. Umaskini ni upungufu wa mapato ukilinganishwa na mahitaji. Dhiki ya fedha ni upungufu wa fedha zilizo mkononi ukilinganishwa na malipo yanayodaiwa leo. Kaya yaweza kuwa na mapato mazuri na nyumba nzuri, lakini ikiwa nyumba hiyo iko rehani na mwenye kaya amepoteza kazi, yaweza kuwa katika dhiki kuu bila ya kuwa chini ya mstari wowote.

Hayo ndiyo yaliyotokea Merced, katika Bonde la Kati. Chuo kikuu kipya kilifunguliwa huko mwaka 2005, nyumba zikajengwa kwa maelfu na kuuzwa kwa mikopo myepesi. Baada ya mwaka 2006 bei zikaporomoka kwa zaidi ya nusu. Watu wakawa wanadaiwa zaidi ya thamani ya nyumba zao, na benki zikazitwaa. Mwaka 2009 shirika la habari la Associated Press lilianza kutoa fahirisi ya dhiki ya uchumi kwa kila kaunti ya Marekani, ikiunganisha viwango vitatu vya kila mwezi: ukosefu wa kazi, nyumba zilizotwaliwa kwa rehani, na ufilisi uliotangazwa mahakamani. Merced ilikuwa karibu na kilele. Kileleni pia ilikuwapo Imperial, kaunti ya jangwa la kusini inayopakana na Mexico, ambayo hali yake ni tofauti kabisa. Huko kilimo cha umwagiliaji huajiri kwa msimu, na ukosefu wa kazi umekuwa mkubwa tangu zamani. Merced ilikuwa na homa ya ghafla. Imperial ilikuwa na maradhi sugu. Fahirisi iliyaweka yote mawili katika alama moja, na mwenye kusoma alama peke yake asingejua ni dawa gani ipelekwe wapi.

Fahirisi za namna hii zina hila nyingine ya kihesabu. Ukosefu wa kazi waweza kutofautiana baina ya kaunti kutoka asilimia 5 hadi 25. Ufilisi waweza kutofautiana kutoka chini ya asilimia 1 hadi 2 au 3. Vikijumlishwa hivyo hivyo, ukosefu wa kazi hutawala na ufilisi hauonekani. Dawa ya kawaida ni kuondoa wastani wa kaunti zote katika kila kiwango, kisha kugawanya kwa upotofu sanifu wake, ili vyote viwe na uzito sawa. Lakini nani amesema kwamba vyapaswa kuwa na uzito sawa? Hesabu haiwezi kulijibu swali hilo. Huamuliwa na mtengenezaji wa fahirisi, na mara nyingi hulificha katika tanbihi.

Ufilisi wenyewe ni shahidi wa kutiliwa mashaka. Mwaka 2005 Marekani ilibadilisha sheria ya ufilisi na kuifanya kuwa ngumu zaidi. Watu wakakimbilia mahakamani kabla sheria haijaanza: mashauri yalizidi milioni 2 mwaka huo, na mwaka 2006 yakashuka hadi takriban 618,000. Kaya za Marekani hazikuneemeka kwa mara tatu katika mwaka mmoja. Mlango ulifanywa mwembamba tu, na waliohesabiwa ni wale waliopita mlangoni. Zaidi ya hayo, kutangaza ufilisi kwahitaji mtu awe amewahi kukopeshwa, na aweze kumlipa wakili. Kibarua wa mashamba ya zabibu ambaye hajapata kukopeshwa na benki yoyote hatatokea katika takwimu hizo hata akilala njaa. Kaunti yenye ufilisi mdogo yaweza kuwa tajiri, au yaweza kuwa maskini kiasi cha kutokopesheka.

Njia iliyo ya moja kwa moja zaidi ni kuwauliza watu. Benki Kuu ya Marekani imefanya hivyo tangu mwaka 2013: kukitokea gharama ya ghafla ya dola 400, je, mtu aweza kuilipa kwa fedha zake taslimu au kitu kinacholingana na hizo? Mwaka 2013 nusu ya watu wazima walisema wangeweza. Mwaka 2023 walikuwa asilimia 63. Ni swali zuri, kwa maana hupima akiba na si mshahara. Kwa bahati mbaya halifai kwa kulinganisha kaunti. Mwaka 2023 waliulizwa watu zaidi kidogo ya 11,000 katika nchi yenye kaunti zaidi ya 3,100, ambayo ni pungufu ya watu wanne kwa kaunti.

Sampuli ndogo na nafasi zisizo imara

Takwimu nyingi za kaunti hutokana na uchunguzi wa kila mwaka wa Ofisi ya Sensa, ambao huzifikia anwani takriban milioni 3.5 katika nchi nzima. Wingi huo ukigawanywa kwa kaunti, Los Angeles hupata kaya za kutosha na Alpine hupata chache mno. Ikiwa sehemu p ya kaya n zilizohojiwa ni maskini, kosa sanifu la kadirio ni kipeuo cha pili cha p(1 − p)/n. Kwa p = 0.2 na n = 10,000, kosa ni 0.004, kadirio la asilimia 20 laweza kusomwa kuwa kati ya 19.2 na 20.8. Kwa n = 100, kosa ni 0.04, na kadirio lile lile ni kati ya 12 na 28. Kaunti ya pili yaweza kuwa miongoni mwa zilizo na nafuu au miongoni mwa zilizo taabani, na takwimu hazitajua.

Ndiyo sababu Ofisi ya Sensa hutangaza takwimu za mwaka mmoja kwa sehemu zenye watu 65,000 au zaidi tu. Kwa zilizo ndogo huunganisha miaka mitano. Sampuli hukua, lakini wakati hupotea. Kaunti ya Plumas, iliyokuwa na watu 19,790 mwaka 2020, iliunguzwa na moto wa msitu wa Dixie mwaka 2021, na mji wake mdogo wa Greenville uliteketea kwa sehemu kubwa mwezi wa Agosti. Takwimu za miaka 2017 hadi 2021 za kaunti hiyo ni za kabla ya moto kwa zaidi ya miaka minne na nusu. Aliyezitazama ili kujua dhiki ya watu waliounguliwa aliona zaidi maisha yao ya zamani.

Kipimo cha umaskini cha California kilichagua njia ya tatu: kaunti ndogo jirani huunganishwa na kupewa tarakimu moja. Ni uaminifu wa kitakwimu, ingawa wakuu wa kaunti hizo wangependa tarakimu yao wenyewe.

Kosa hilo huathiri zaidi orodha za nafasi, ambazo magazeti huzipenda. Kaunti moja ikiwa na asilimia 18 na nyingine asilimia 21, kila moja kwa sampuli ya kaya 400, kosa sanifu la tofauti yao ni kipeuo cha pili cha jumla ya miraba ya makosa mawili, ambacho hapa ni takriban asilimia 2.8. Tofauti ya 3 imezidi kosa hilo kidogo tu. Kwa desturi hutakiwa iwe karibu mara mbili yake. Kusema kwamba kaunti ya pili ni maskini zaidi ni kubahatisha.

Hata tarakimu iliyo imara yaweza kusomwa vibaya. Kaunti ya Yolo ina mji wa Davis wenye chuo kikuu kikubwa. Wanafunzi wanaopanga mitaani huhesabiwa kuwa maskini, ingawa wengi wao hutumiwa fedha na wazazi wao. Wafungwa wa magereza ya Kaunti ya Kings hawahesabiwi kabisa. Na katika Los Angeles, wastani mmoja umewafunika wakazi wa Beverly Hills pamoja na wakazi wa Watts.

Zoezi

Kaunti tatu za kubuni zina watu hivi: A watu 800,000, B watu 90,000, C watu 3,000. Uwiano wa kodi zao kwa wastani wa taifa ni 1.6, 0.9 na 0.8. Mstari wa taifa ni dola 32,000, na sehemu ya nyumba ni 0.5. Katika sampuli za kaya 2,500, 400 na 50, kaya zilizo chini ya mstari wa kaunti yake ni 450, 88 na 13. Mwanafunzi atafute mstari wa kila kaunti, asilimia ya kaya maskini, na kosa sanifu la kila asilimia. Kisha, akichukulia kwamba kaya zote zina ukubwa ule ule, akadirie idadi ya watu maskini katika kila kaunti.

Mistari itakuwa dola 41,600, dola 30,400 na dola 28,800. Asilimia zitakuwa 18, 22 na 26. Makosa yatakuwa takriban 0.8, 2.1 na 6.2, watu watakuwa 144,000, 19,800 na 780. Ikiwa kuna fedha za kutosha kuisaidia kaunti moja tu, mwanafunzi aandike ukurasa mmoja akieleza ni ipi angeichagua, kwa kipimo kipi, na ni watu gani ambao kipimo hicho kingewaacha nje.